Harufu ya Jarlath

Cloonarra, Roscommon
3 Novemba 1986

Shemeji Enda,

Salamu kwanza, ugomvi baadaye. Huku hatujambo. Magoti yangu ndiyo yanalalamika, na ng'ombe wa Luke Tansey bado wanaruka ukuta wangu kama ulivyowaacha.

Tarehe mosi Februari kaka yako atatimiza mwaka kaburini. Padre Cryan ameshaiandika Misa yake, Jumapili saa tano asubuhi, na baada ya Misa watu watakuja nyumbani, si unajua. Sasa nisikilize. Siku mbili kabla hajafa, Jarlath alinishika mkono akasema, "Tracta, kwenye Misa ya mwaka wangu usiwape watu bia ya kununua. Wape ya kwangu." Nikamwambia sawa. Ungekuwa wewe ungesema nini? Nilidhani kuna pipa limebaki. Kumbe la mwisho walilimaliza kwenye mkesha wa msiba, Luke akiwa mstari wa mbele.

Kwa hiyo itabidi niipike mwenyewe. Mimi! Unajua nina pini ya Moyo Mtakatifu kifuani, ile ya walioapa kutokunywa, tangu siku ya kipaimara, miaka arobaini na minane, na pombe sijaonja hata tone. Kile kibanda cha maziwa alikopikia sikuwahi kukanyaga. Hakunikataza, wala mimi sikumkataza kupika. Ilikuwa heshima tu, kila mtu na kona yake. Juzi nimeingia. Nyuma ya mlango ameandika kwa penseli shayiri kiasi gani, kimea kiasi gani, hopsi kiasi gani. Namna ya kupika hakuandika hata neno moja. Aliyepika naye kwa mama yenu ni wewe. Niandikie.

Kuhusu kutokuja kwako mazikoni sisemi kitu. Shada lilifika. Lilikuwa kubwa.

Attracta

Coventry
12 Novemba 1986

Shemeji yangu Attracta,

Nimesoma barua yako mara tatu, na makosa yote nimeyakubali, pamoja na yale ambayo hukuyaandika.

Hiyo bia haina uchawi. Fuata haya, na Luke usimwachie kazi yoyote zaidi ya kubeba.

Kwanza shayiri. Ikaange kavu kwenye sufuria ya chuma, moto mdogo, ukikoroga bila kupumzika mpaka iwe nyeusi kama kiatu cha askofu. Fungua madirisha. Mama alikuwa anatufukuza nje wote pamoja na mbwa. Ikianza kunuka kuungua usiogope, ndiyo inakuwa bia nyeusi hiyo. Ukiona moshi wa buluu, umechelewa, mwaga uanze upya.

Kisha chemsha maji, yamimine pipani uyaache yatulie. Kipimajoto usikitafute. Mvuke ukipungua hata ukauona uso wako vizuri majini, mimina kimea na shayiri, funika, livike pipa kitu kizito lisipoe, halafu sali rozari nne. Nne kamili, si zile za Luke za kuruka Salamu Maria. Mama alipima hivyo, saa ilikuwa ya baba na ilikuwa haiendi. Baada ya hapo chuja, machicha wape ng'ombe, yale maji yachemshe na hopsi, yale maua makavu ya kutia uchungu, kwa rozari nyingine nne. Yakipoa yakawa kama ya kumwogeshea mtoto mchanga, tia hamira ya mwoka mikate. Wiki moja. Halafu rudisha pipani, sukari kidogo, wiki tatu usiliguse.

Hopsi nakutumia kwenye kifurushi. Mimi mzima, bado napanda mapaa ya Waingereza. Jarlath alibahatika kukupata, na alikuwa analijua hilo.

Enda

Cloonarra
25 Novemba 1986

Shemeji Enda,

Kifurushi kimefika. Mama wa posta aliuliza kama siku hizi unanitumia nyasi za sungura. Nikamwambia ni dawa ya usingizi, na kesho yake watu watatu wakaja kuiulizia.

Nimepika! Shayiri ya kwanza iliungua, nikaimwaga. Ya pili iliungua, Luke akasema si mbaya, nikaimwaga pamoja na maoni yake. Ya tatu ikawa kiatu cha askofu kweli kweli. Maji nikayasubiri hadi nikaona uso, na nakuambia sikuuona wangu, nilimwona mama yangu ananiangalia, na pini kifuani. Nikasema mama nisamehe, ni kwa ajili ya Jarlath, nikamimina.

Kitu kizito cha kuvika pipa nilichopata ni koti lake la mvua. Kila mtu ananiambia niligawe, na kila wiki namwambia Padre wiki ijayo. Basi nikalifunga vifungo vyote hadi juu, nikaketi pembeni kwenye kiti chake cha kukamulia, nikasali rozari nne. Kwenye ya tatu nililia kidogo. Halafu nikaanza kumgombeza, kwamba mtu mzima anaandika vipimo na haandiki njia! Nikapata nafuu.

Sasa nataka jambo moja. Njoo Februari. Pipa likifunguliwa, mwenye kujua kama ni bia ya nyumba ya mama yenu au maji ya kuoshea sufuria ni wewe peke yako. Mimi siwezi kuonja. Luke akionja chochote kilicho majimaji anasema kizuri. Chumba cha nyuma nimeshakitandika.

Attracta

Coventry
4 Desemba 1986

Shemeji,

Hongera. Mama angejivunia, ingawa asingekuambia.

Kuja itakuwa vigumu. Kazi zimebana, mgongo nao unanisumbua, na bosi akisikia neno likizo anaugua. Halafu ukweli ni kwamba ulimi wangu umeshaharibiwa na bia za huku, sitakufaa kitu. Mwachie Luke.

Wako,
Enda

Cloonarra
20 Desemba 1986

Enda,

Ulimi umeharibika! Basi lete pua.

Sitakubembeleza. Kaka yako alikuwa kila Krismasi anakuwekea chupa mbili chini ya ngazi, "kama Enda akitokea." Miaka sita ya mwisho aliacha kuweka. Nilimuuliza, akasema mwache kaka. Nikajua mmekosana na hamtaki kuniambia. Sawa.

Nakuandikia kwa sababu pipa limenishinda. Leo nimelifungua kidogo. Ulimi wangu uko kifungoni, lakini pua haikuapa. Ile bia naijua, Enda. Jarlath alikuwa akitoka kibandani jioni, saa kumi na mbili, kengele ya Malaika wa Bwana ikilia, ananikuta mlangoni, ananibusu. Miaka thelathini na mitatu. Naijua bia yake kwa mdomo wake.

Basi nikamwambia Luke anywe glasi moja, asimame pale mlangoni, anipumulie. Alikuwa mwekundu kuliko mimi. Alioga kwa ajili hiyo! Nikamwambia, "Pumua, Luke, siyo unipulizie kama unazima mshumaa." Akasema, "Tracta, nina miaka sitini na minne na hakuna mwanamke aliyewahi kuniomba hivi." Nikamwambia funga macho kama unaona haya, nami nikafunga.

Siyo yenyewe. Kuna moshi, kuna uchungu, kuna shayiri. Lakini ya Jarlath ilikuwa na kitu juu yake, kitamu, cha moto, mfano wa karafuu. Luke hana. Mama yenu alikuwa anatia karafuu? Nijibu hilo tu.

Attracta

Coventry
29 Desemba 1986

Shemeji,

Hatukukosana. Hilo naomba uliamini hata kama lingine lolote hutaliamini.

Karafuu hapana. Mama alikuwa na karafuu za kuchomeka kwenye nyama ya Krismasi, basi, na ungezisogeza karibu na pipa angekukata mkono. Usitie kitu. Pengine inahitaji muda tu. Vumilia.

Heri ya mwaka mpya. Nakukumbuka mezani kwako, na mkate wako wa soda, na Jarlath akikata vipande vinene ukimgombeza.

Enda

Cloonarra
10 Januari 1987

Enda,

Nimetia karafuu.

Usinikaripie. Nilitia kwenye jagi moja, si pipa zima. Luke alikunywa, akashika shavu, akasema, "Hii imeniponya jino nililong'oa mwaka sabini na mbili." Akapumua. Ilinuka kama kwa daktari wa meno. Haikuwa yenyewe hata kidogo.

Muda nao haujasaidia. Nimempumulisha Luke mara nne tangu Krismasi na watu wameanza kutuangalia kanisani. Yeye anaapa kwamba ni bia ileile, bia ya Jarlath haswa. Lakini Luke anataka nifurahi, na mtu anayetaka ufurahi huwezi kumwamini kwenye jambo la namna hii.

Zimebaki wiki tatu. Niliahidi, Enda. Alikuwa hawezi hata kuinua kichwa, akaniomba kitu kimoja. Hakuniomba jiwe la kaburi, hakuniomba novena. Nitawasimamia vipi majirani niwaambie karibuni, hii ni ya Jarlath, huku najua si yake?

Kwa hiyo nimeamua. Jana nimevua pini. Nimeiweka kwenye kikombe cha buluu kabatini, naogopa hata kufungua kabati kuchukua sukari. Jumapili tarehe kumi na nane, baada ya Misa, nitaonja. Glasi moja. Pua inanidanganya, lakini ulimi wangu lazima utamjua, si nilikuwa mke wake? Nikishajua kinachokosekana nitakitia pipani, nitakwenda kwa Padre Cryan kuungama, na kile kiapo kitakuwa kimekwisha. Nafikiri Mungu ataelewa. Mama yangu sina hakika.

Attracta

Coventry
13 Januari 1987
Kwa haraka

Tracta,

USIONJE. Nakuomba kwa jina la Jarlath. Rudisha pini kifuani ndiyo uendelee kusoma.

Umesharudisha? Haya, keti.

Mimi sinywi. Huu ni mwaka wa saba. Kabla ya hapo nilikuwa nakunywa hadi nikalala hospitali wiki tano, ngozi ya njano, na daktari aliniambia glasi yoyote inayofuata inaweza kuwa ya mwisho. Hayo ndiyo sikutaka mjue nyumbani. Jarlath alijua. Unakumbuka alivyokwenda Dublin kuangalia trekta, akarudi bila trekta? Hakuona Dublin. Alipanda meli akaja kukaa kando ya kitanda changu siku nne. Nilimwapisha asimwambie mtu, hata wewe. Ndiyo maana aliacha kuweka zile chupa chini ya ngazi.

Na mazikoni nilikuja, Tracta. Nilifika Holyhead, penye meli za kuja kwetu, tiketi mkononi, suti nyeusi. Nikaketi kwenye benchi bandarini mkabala na baa. Nikafikiria mkesha, nyumba imejaa, kila mtu ananisogezea glasi, "Enda, kwa ajili ya kaka yako." Huko kwetu ungekataaje glasi ya kaka yako na maiti yake iko chumbani? Nilijua nitaipokea. Nilijua sitaishia hapo. Meli ikaondoka nami nikiwa nimeketi. Nikarudi Coventry kuagiza shada kubwa kuliko yote kwa sababu ya aibu. Kila siku naona aibu.

Sasa karafuu. Nilisahau kabisa, na barua yako iliyofika jana ndiyo imenikumbusha nikiwa juu ya paa, nusura nianguke. Pale hospitali nilimuuliza Jarlath, "Hivi Tracta na pini yake anakuvumiliaje?" Akacheka, akatia mkono mfukoni akatoa mfuko wa pipi za karafuu, zile nyekundu na nyeupe. Akasema, "Natafuna mbili kibandani kabla sijatoka. Mwanamke ana kiapo chake, siwezi kumpelekea pombe mdomoni." Alisema amefanya hivyo tangu wiki ya harusi.

Bia yako haina kasoro. Luke hakudanganya. Kinachokosekana hakikuwahi kuwamo ndani ya pipa.

Nisamehe kwa yote.

Enda

Cloonarra
19 Januari 1987

Enda mpenzi,

Barua imefika Jumamosi saa nne. Niliisoma nimesimama ingawa uliniambia niketi, halafu ikabidi niketi.

Pini nimerudisha. Nikajichoma kwa haraka.

Nilikwenda kibandani nikapanda juu ya kiti cha kukamulia, na magoti yangu haya, nikapapasa juu ya boriti. Mkebe wa tumbaku. Ndani pipi za karafuu kumi na moja, zimeshikana kama bonge. Jarlath! Mtu aliyekuwa kila Krismasi akipelekewa sahani ya pipi anaisukuma, anasema pipi ni za watoto!

Nikamwita Luke kutoka shambani na mabuti yake yote. Nusu glasi, pipi mbili, simama mlangoni, pumua. Sikuweza kumaliza kuhesabu moja mbili tatu. Nilishika mwimo wa mlango. Luke alidhani nimepata kiharusi, akataka kukimbilia kwa padre, nikamwambia tulia, mpumbavu, ni yeye, ni Jarlath.

Unajua kinachoniuma? Ile harufu nilikuwa naipenda. Nilikuwa naacha maziwa jikoni nije nisimame mlangoni kuisubiri. Sikumwambia kamwe, kwa sababu mwenye pini atasemaje anapenda harufu ya pombe? Naye akawa anatafuna pipi kunificha kile nilichokuwa nakisubiri. Tulikuwa wajinga wawili ndani ya nyumba moja, na tulipendana sana.

Sasa wewe. Nimekukasirikia mwaka mzima, na leo nimekasirika kwa sababu nyingine: ulikuwa unakufa nami nalalamikia trekta. Usinifanyie tena hivyo. Ulikwenda Holyhead umevaa suti nyeusi, na mimi nikakuandikia habari za shada. Nisamehe na wewe.

Njoo. Hapa kutakuwa na watu wawili wasiokunywa, si mmoja. Utakaa upande wangu wa jiko na birika. Luke nimemwambia kila kitu, mdomo wake ukipenda hufunga kabisa, na yeye ndiye atakayekulinda. Mtu yeyote atakayekushikisha glasi atanikuta mimi. Kama huwezi, Enda, kama ni hatari, basi usije, nami nitajua sababu na nitakupenda vilevile. Hilo nalisema kwa moyo wangu.

Tracta

Holyhead, bandarini
30 Januari 1987

Tracta,

Nakuandikia nikiwa kwenye benchi lilelile. Baa iko wazi. Kuna watu wa kwetu, wa Mayo, mle ndani wanaimba, na mmoja ameshanipungia mkono mara mbili.

Meli ni baada ya saa moja na nusu. Tiketi ninayo. Rozari ninayo pia, nimekadiria nikisali nne itakuwa imefika. Ya kwanza nimemaliza. Mfukoni nina mfuko mzima wa pipi za karafuu, niliununua stesheni ili mdomo uwe na kazi.

Barua hii naitumbukiza kwenye sanduku hapa hapa. Ikifika kabla yangu, ujue nilishindwa. Ikifika nikiwa kwako au baadaye, tucheke.

Enda

Cloonarra
6 Februari 1987

Shemeji yangu Enda,

Barua yako ya Holyhead imefika leo, siku mbili baada ya wewe kuondoka. Nimemsomea Luke. Hakucheka, alitoka nje kuangalia ng'ombe ambao hawakuwa na shida yoyote.

Kwenye pipa hakijabaki kitu. Jirani yetu Hanley ameniambia ni bora kuliko ya Jarlath, nikamwambia toka nyumbani kwangu, akaomba nyingine. Watu bado wanauliza yule Enda alivyomaliza birika tatu za chai peke yake atakuwa na ugonjwa gani. Nimewaambia ni Uingereza, inakausha.

Kuna jambo sikukuambia ulipokuwa hapa, na karatasi haina macho ya kunitazama. Jumamosi ulipobisha, nilifungua mlango, ukanikumbatia kabla ya kusema neno, umelowa mvua, na pipi mdomoni. Nilifumba macho. Lazima nikiri, kwa muda mfupi hukuwa wewe. Ndiyo maana nilichelewa kukuachia. Nakushukuru kwamba hukujitoa.

Koti sitaligawa, nimeshamwambia Padre. Mwezi wa kumi na moja tutalihitaji kwa pipa. Utumie hopsi mapema.

Mkebe nimeuosha, nimeujaza pipi mpya, nimeurudisha juu ya boriti.

Tracta